Radi Bila Ngurumo

"Mwanangu Radi! Unanisikia?"

Sauti haikutoka kinywani mwa mtu. Ilitoka chini ya kiti cha pikipiki.

Kama ulikuwa nasi wiki iliyopita, unajua tulimwacha Radi kwenye balaa gani. Amesimama juu ya kreti la soda mbele ya waendesha bodaboda wote wa kituo, anawahutubia dhidi ya pikipiki za umeme, na nyuma yake pikipiki yake inanguruma kama simba aliyekosa mawindo. Kama hukuwapo, pole, lakini hujachelewa. Shika hili tu: ngurumo ile ilikuwa ya uongo. Pikipiki ya zamani ya Radi ilikufa injini. Akanunua ya umeme kwa siri, akaivisha gamba la marehemu, tangi na bomba la moshi vyote, akaficha spika chini ya kiti. Simu iliyo mfukoni mwake ndiyo iliyokuwa ikipiga ngurumo aliyoirekodi enzi za uhai wa injini.

Kituo kizima kikaingia mkenge. Mpaka mama yake alipopiga simu.

Radi alitia mkono mfukoni aikate. Kidole kikateleza. Badala ya kuikata, kikaipokea.

"Radi! Hii betri yako iliyo juu ya meza yangu imejaa, taa imekuwa ya kijani. Sasa wewe umeondoka na ipi? Si umebeba ile iliyokwisha? Ewe mtoto, leo utasukuma!"

Vichwa vyote vikageukia kiti cha pikipiki.

Kisha mmoja akaruka nyuma. "Jini! Pikipiki ina jini!"

"Jini gani anajua kuchaji betri?" akauliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na pikipiki ya petroli kongwe kuliko nusu ya wanachama wake. Hakuwa mtu wa kutaniwa. Akaanza kutembea taratibu kuielekea pikipiki ya Radi.

"Ni redio," Radi akajikaza. "Kuna kipindi cha akina mama..."

"Redio nani?" pikipiki ikafoka. "Unaniita mimi redio? Mimi niliyekuzaa? Na chai yako umeiacha imepoa!"

Hapo kicheko kikapasuka. Watu walishikana mabega. Mmoja alikaa chini kabisa barabarani, akafungua mikanda ya helmeti apate kupumua.

Mwenyekiti hakucheka. Aliinua kiti, akachungulia ndani, akachungulia tena, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.

"Injini iko wapi?"

Radi akashuka kwenye kreti. "Mzee wangu, nitaeleza."

"Sikuulizi maelezo. Nakuuliza injini."

Aliyejibu ni Fundi. Huyu ndiye aliyekuwa na gereji yake ng'ambo ya barabara, mtu mnene, mpole, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko. Injini zote za kituo zilipita mikononi mwake. Alimtazama Radi kwa uchungu wa mke aliyesalitiwa.

"Ndiyo maana miezi yote hii hujaniletea oili nibadilishe," alisema. "Nilidhani umepata fundi mwingine. Kumbe ni baya zaidi!"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Mtu mmoja tu hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake pembeni, mikono kifuani, helmeti pajani. Huyo ndiye aliyeitishiwa mkutano. Walimwita Kivuli, kwa sababu husikii anapokuja wala anapoondoka. Alikuwa mwanamke pekee kituoni, na mpaka asubuhi hiyo aliaminika kuwa ndiye pekee mwenye pikipiki ya umeme. Hoja ya siku ilikuwa kumfukuza. Na mleta hoja alikuwa Radi.

"Samahanini," Kivuli akasema. "Kwa hiyo anayetaka nifukuzwe kwa kuendesha umeme, naye anaendesha umeme?"

Radi alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Wewe ndiye uliyesema pikipiki isiyonguruma ni jogoo asiyewika," Kivuli akaendelea.

"Nilisema."

"Ukasema mwanamume akipanda umeme, aitwe mama."

"Habari ya asubuhi, mama!" sauti ikadakia kutoka nyuma. Wakaangua kicheko tena.

Mwenyekiti akapuliza filimbi. Wote wakanyamaza.

"Radi. Umetudanganya. Kabla sijakutoa kwenye foleni ya kituo hiki, nataka jibu moja la kweli. Kwa nini?"

Radi aliwageukia. Akamtazama Mwenyekiti, akamtazama Fundi, akamtazama Kivuli, akakuta macho yake yanamngoja. Hapo ndipo uongo ulipomwishia.

"Mnataka ukweli? Naipenda."

"Nini?"

"Hii pikipiki. Naipenda! Nilisema ni ya dharura tu, nitanunua injini nikijaliwa. Siku zikapita. Nikaona nikifika nyumbani jioni mikono haitetemeki. Zamani nilikuwa nashika kikombe kama mtu mwenye homa. Halafu abiria wanaongea! Miaka yote nimebeba watu sikujua kama wanaongea. Kumbe wana maneno! Juzi mwalimu mmoja kanisimulia habari za mchumba wake toka sokoni hadi shuleni. Tulifika getini hajamaliza, nikapitiliza makusudi."

"Mchumba alimwoa?" mtu akauliza.

"Alimwoa dada yake."

"Ala!"

"Tusitoke nje ya hoja!" Mwenyekiti akanguruma. "Ubaya wake je? Au haina ubaya?"

"Inao, mzee wangu. Chaji ikiisha imeisha. Petroli utaipata hata kwenye chupa kando ya njia, lakini umeme hauuzwi kwenye chupa. Nimewahi kumsukumisha abiria. Bwana mkubwa, suti na tai. Tulisukuma wote mpaka kwenye kituo cha kubadilishia betri. Akaniomba namba yangu ya simu, nikafurahi. Akasema anaitaka ili akiiona asipokee."

Mkutano ukawa si mkutano tena. Kila mmoja alikuwa na lake.

"Mvua ikinyesha je, si utarushwa na umeme?"

"Mvua napita kila siku," Kivuli akajibu. "Mafuriko ndiyo sipiti. Na wewe na petroli yako hupiti vilevile, tulikutana umesimama."

"Watu hawawasikii! Mtaua mtu!"

"Hapo umesema kweli. Bibi mmoja alinipiga mwavuli kwa kumshtua. Siku hizi kila kona napiga honi."

"Na betri ikizeeka? Si ndiyo moyo wenyewe?"

"Ikizeeka napewa nyingine pale pale ninapobadilishia. Ubaya ni foleni. Siku ya foleni ndefu unaweza kuzeeka wewe kabla ya betri."

Wakacheka, lakini safari hii walicheka pamoja na Kivuli, hawakumcheka mtu. Radi aliliona hilo. Akaona pia kwamba Kivuli akicheka, jicho moja hufumba kabla ya jingine. Hakujua kwa nini ameliona.

Kisha Fundi akanyanyua mkono wake mweusi.

"Na mimi?"

Kelele zikapungua.

"Nyinyi mnasema mikono haitetemeki, abiria wanasimulia. Vizuri. Lakini pikipiki isiyo na pistoni, isiyo na plagi, isiyo na oili, mimi nitashika nini? Wanangu wanakula plagi na pistoni. Mkihama wote, mimi nihamie wapi?"

Kivuli aliitazama mikono ile myeusi, akainamisha kichwa.

Lakini Mwenyekiti alishaona upepo unavumia upande wa umeme, akaona jahazi la petroli linaingia maji mchana kweupe. Akapiga kreti teke.

"Maneno matupu hayavunji mfupa! Pikipiki ni kilima. Iko hapo barabara ya tangi la maji. Mimi na petroli yangu, na mtu mmoja wa umeme. Kila mmoja abebe mzigo. Umeme ukitangulia kufika kwenye tangi, nitaitisha kura kwa heshima. Nikitangulia mimi, wote wawili mnahama kituo leo leo!"

"Nakubali!" Radi akapaza sauti.

"Kwa betri ipi?" Kivuli akamuuliza.

Radi akatazama pikipiki yake. Taa ya chaji ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi.

Kivuli akavaa helmeti. "Nitaendesha mimi. Wewe utakuwa mzigo."

"Mimi? Mzigo?"

"Umekuwa mzigo kwangu muda mrefu. Leo utakuwa rasmi."

Mwenyekiti, kwa kiburi chake, alitazama watu wote akitafuta wa kuwa mzigo wake. Kidole kikatua kwa Fundi.

"Mzee, mimi ni mzito," Fundi akaonya.

"Ndiyo ninavyotaka. Wasije wakasema nimewaonea."

Waendesha bodaboda nusu yao wakatangulia juu kwenye tangi kuwa mashahidi. Wengine wakapanga mistari miwili chini. Mtu akatikisa kitambaa.

Petroli ikaruka mbele! Moshi ukapanda, vumbi likapanda, mashahidi wa chini wakapanda mori. Mpaka kona ya kwanza Mwenyekiti alikuwa ameacha pengo la kutosha basi kupita.

"Anatuacha!" Radi akalia nyuma ya Kivuli.

"Mzigo hausemi."

"Lakini anatuacha!"

"Shika chuma cha nyuma. Usinishike mimi."

Kilima kikaanza kusimama. Mbele yao injini ya Mwenyekiti ilishuka gia, ikakohoa, ikashuka tena. Kivuli hakuwa na gia ya kushusha. Alizungusha mkono tu, taratibu, kama mtu anayefungua bomba la maji, na pikipiki ikapanda kwa pumzi ileile. Pengo likawa la gari dogo. Likawa la baiskeli. Kwenye kona ya pili walikuwa sambamba.

Fundi aliwapungia mkono. Alikuwa amemkumbatia Mwenyekiti kiunoni, macho yamemtoka.

Wakapita.

Ghafla kukawa na utulivu wa ajabu. Upepo tu, na tairi zikinong'ona na lami, na sauti nyingine ndogo ambayo Radi aliitambua baada ya muda: Kivuli alikuwa anaimba peke yake ndani ya helmeti. Msomaji, moyo wa Radi ukafanya jambo ambalo pikipiki yake haikuwa imelifanya siku nyingi. Ukanguruma.

Tangi la maji likaonekana. Watu wakaonekana, wanarukaruka, wanapunga makoti.

"Tumeshinda!" Radi akapaza sauti.

"Nyamaza. Umesikia?"

"Nini?"

"Ile injini yake. Imekatika."

Radi akatega sikio. Kweli, nyuma kulikuwa kimya. Halafu, mbali, sauti ya mtu: "Jamani!"

"Imemzimia tu," Radi akasema. "Tumalize kwanza, ni hapo tu! Tutarudi!"

Kivuli alikuwa ameshafunga breki.

"Kivuli, ni hatua chache!"

"Ukitaka kumaliza, shuka ukimbie."

Akageuza pikipiki. Radi alibaki juu yake, akitazama tangi la maji likirudi nyuma, na aibu ya pili ya siku hiyo ikimpanda shingoni. Hii ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

Waliwakuta kwenye kona. Mambo yalikuwa hivi: Mwenyekiti alipoona anazidi kuachwa, alivuta mafuta yote kwa hasira. Mbele kuna mzee mwembamba, nyuma kuna Fundi. Gurudumu la mbele likaonja hewa, likaipenda. Pikipiki ikasimama wima kama farasi, ikawamwaga.

Fundi alikuwa amebingiria kwenye majani bila mchubuko, anatafuta kiatu. Mwenyekiti alikuwa mtaroni, mguu chini ya pikipiki, masharubu yamejaa vumbi.

"Msiniguse," akasema. "Nimepumzika tu."

Radi na Fundi wakainyanyua pikipiki. Kivuli akapiga magoti, akamvua kiatu polepole. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Haujavunjika, nadhani. Lakini huwezi kuukanyagia. Zahanati iko juu, karibu na tangi. Panda."

"Panda nini?"

"Hii yangu."

"Sipandi. Afadhali nitambae."

"Haya, mzee wetu," Kivuli akasema kwa upole. "Tambaa tukuone."

Mwenyekiti akatambaa. Alienda umbali wa mkeka mmoja, akakaa kupumua, akatazama kilima kilichobaki.

"Leteni hiyo pasi yenu ya umeme," akasema.

Wakampakia. Radi na Fundi wakabaki kuisukuma petroli kwa mikono.

Njiani Mwenyekiti alifumba macho akingoja maumivu ya mtikisiko. Hayakuja. Akafumbua jicho moja.

"Mbona mguu hautetemeki?"

"Hakuna cha kuutetemesha, mzee wangu."

Mwenyekiti akatega sikio.

"Ni ndege hao ninaowasikia?"

"Ndio hao."

"Barabara hii ina ndege?"

"Wamekuwapo siku zote."

Walipokaribia juu Mwenyekiti akamgusa bega. "Binti, usiende mbio sana."

Huko kwenye tangi mashahidi hawakuamini macho yao. Kivuli alivuka mstari na Mwenyekiti nyuma yake, nao wakagawanyika papo hapo.

"Umeme umeshinda!"

"Aliyevuka si Mwenyekiti? Basi petroli imeshinda!"

"Petroli gani inayopakiwa kwenye umeme?"

Nesi alipomaliza kumfunga bandeji, na wale waliobaki chini wameshapanda, Mwenyekiti alitolewa nje kwa kiti cha zahanati, mguu mbele kama mzinga wa vita. Akapuliza filimbi.

"Mashindano yamefutwa. Kura ipigwe hapa hapa. Lakini mimi nimedungwa sindano, kichwa kinaelea. Kura itaendeshwa na Kivuli."

Kelele! "Mshtakiwa aendeshe kesi yake mwenyewe?"

"Ndiyo! Aliyerudi kuniokota mtaroni akiwa ameshashinda hawezi kuniibia kura." Akamtupia filimbi. Kivuli akaidaka.

Wakati huo Radi na Fundi ndio kwanza wanafika, wanahema, jasho likiwachuruzika, katikati yao petroli iliyopinda usukani.

"Wanaotaka pikipiki za umeme ziondoke kituoni," Kivuli akasema, "wanyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Mingi. Akaihesabu bila kumruka mtu, hata wale waliokuwa marafiki zake.

"Wanaotaka zibaki."

Wa kwanza alikuwa Radi. Alinyoosha yote miwili.

"Mmoja, mama!" mtu akamkumbusha. Akashusha mmoja, akauacha wa pili juu kama mlingoti. Mkono mwingine ukapanda, na mwingine. Yule aliyekaa chini barabarani kwa kicheko akanyoosha. Yule wa jini akanyoosha.

Kivuli akahesabu. Akarudia. "Zimelingana."

Mwenyekiti akaangalia mawingu. "Mimi nimedungwa sindano, msinihesabu."

Alibaki mmoja. Fundi alikuwa mwanachama tangu kituo kinaanzishwa, na mikono yake yote miwili ilikuwa chini. Watu wote wakamgeukia.

"Kabla sijanyoosha," alisema, akijifuta paji la uso na kuacha doa jeusi, "niulize. Hizi zikibaki, nani atanifundisha kuzitengeneza? Mimi si mvivu wa kujifunza. Ila simjui mwalimu."

Uso wa Kivuli ukabadilika. Kile kicheko cha jicho moja kikatoweka.

"Mwalimu yupo," akasema taratibu. "Hakuna anayezijua kama yeye. Hii yangu aliiunda kwa mikono yake, waya kwa waya."

"Basi tumwite!" Radi akadakia. Furaha ilimjaa mpaka masikioni. Mkono wa kulia ungali juu kwa kura, wa kushoto ukachomoa simu mfukoni. "Nitajie namba, nimpigie sasa hivi!"

"Siongei naye. Nimeapa."

"Usiongee! Nitaongea mimi. Mimi naongea na kila mtu! Ni nani?"

Kivuli akaigeuzageuza filimbi mkononi. Akamtazama Fundi, akawatazama wote, na mwisho akamtazama Radi kwa namna ambayo Radi hakuielewa.

"Mume wangu."

Fundi alikuwa ndio kwanza anaunyanyua mkono wake mzito, polepole, kwenda juu.

Na mkono wa Radi, bila mwenyewe kujua, ukaanza kushuka.